Mzee alirudi lini? Nilianzia kwa watoto wake

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Katika ukoo wenu yuko mtu aliyekwenda ng'ambo kutafuta maisha, kisha akarudi? Mlijuaje alikopita?" Mimi ninaye, ila si wa damu yangu. Ni babu yake mama mkwe wangu, Mnorwei wa rasi ya Lista, kusini kabisa mwa Norwei. Mimi mwenyewe ni mtu wa Pangani niliyeolewa huku, huu mwaka wa kumi na nne. Watoto wangu ndio wajukuu wa wajukuu zake, kwa hiyo naomba nihesabiwe.

Nilipoingia kwenye ukoo nilisimuliwa habari yake kwa sentensi moja: Mzee alikwenda Amerika, akakaa miaka mingi, akarudi kumzika mama yake. Basi. Darini kwa mama mkwe liko sanduku lake la mbao, rangi ya bluu iliyofifia, lina vipini vya chuma pembeni. Kwenye ubavu wa mbele limeandikwa kwa rangi nyeupe jina lake na chini yake "Brooklyn, N. America". Ndani mlikuwa na mapambo ya Krismasi. Barua hakuna, picha hakuna, tiketi hakuna.

Niseme kidogo kuhusu hiyo Brooklyn, ambayo leo ni sehemu ya jiji la New York. Tangu meli ndogo ya Restauration ilipotoka Stavanger Julai 1825 na watu 52, Wanorwei zaidi ya 800,000 walihamia Marekani katika muda wa miaka mia moja, na nchi yenyewe mwaka 1900 ilikuwa na watu milioni mbili na kidogo tu. Wengi walifuata ardhi kule Wisconsin, Minnesota na Dakota, maana sheria ya 1862 ilimpa mtu ekari 160 akikaa na kulima miaka mitano. Watu wa Lista hawakuwa na haja hiyo sana. Walikuwa mabaharia na maseremala, wakaenda Brooklyn kujenga magati na nyumba, wakituma fedha nyumbani. Walikwenda kama watu wetu wanavyokwenda Muscat: mguu mmoja kule, mmoja huku. Ndiyo maana hata leo ukifika kijiji cha Vanse majira ya joto unakuta magari makubwa ya Kimarekani ya zamani yanapita kati ya mashamba ya viazi. Mara ya kwanza kuyaona nilidhani wanapiga filamu.

Kumpata akiondoka haikunichukua hata jioni nzima. Mtu anayeondoka huandikwa na kila mtu. Mawakala wa meli walitakiwa kupeleka mikataba ya abiria polisi, na polisi wa bandari kubwa wakaweka madaftari: jina, umri, anakotoka, anakokwenda, meli. Madaftari hayo, sensa na vitabu vya kanisa vimo kwenye tovuti ya Nyaraka za Taifa ya Norwei, inayoitwa Digitalarkivet, bure, huna haja ya kumwomba mtu. Nikamkuta mwaka 1893, umri 21, hajaoa. Njia ya wengi wakati huo ilikuwa kupanda meli hadi Hull, Uingereza, kukatiza kwa treni hadi Liverpool, halafu ndipo meli kubwa ya New York.

Hapo mume wangu alikuwa ameshajaribu miaka mitatu nyuma akashindwa, na sababu ni jina. Alikuwa anatafuta jina la ukoo wanalotumia leo. Mimi nilipoona madaftari nilicheka, kwa sababu majina yale ni ya kwetu kabisa. Mtoto anapewa jina lake, linafuata la baba yake, likiwa na mkia wa -sen kwa mwana na -datter kwa binti. Olsdatter ni binti Ole, hakuna zaidi. Mke akiolewa habadili kitu. Kisha mwishoni huongezwa jina la shamba wanaloishi, na hilo ni kama anwani: ukihama shamba, jina nalo linahama. Majina ya ukoo kwa kila mtu yalikuja kwa sheria ya 1923. Kwa hiyo mzee yuleyule ni mwana-wa-fulani kwenye kitabu cha kipaimara cha 1887 (pembeni mchungaji ameandika na tarehe ya kuchanjwa ndui, maana bila chanjo hupati kipaimara), ni mwana-wa-fulani kwenye daftari la polisi, halafu kule Brooklyn akawa anaitwa kwa jina la shamba. Lilianza na "Kv", karani wa Kimarekani akaliandika kwa "Qu".

Mume wangu akasema, "Kumbe Ellis Island walimbadilishia jina," yaani kile kituo cha kupokelea wahamiaji kwenye bandari ya New York. Hadithi hiyo kila familia inayo. Makarani wa Ellis Island walikuwa wanasoma orodha iliyokuja na meli, hawakuwa wakigawa majina. Watu walijibadilisha wenyewe, baadaye, au walichoka kusahihishwa. Mimi nilipopata pasipoti jina la babu yangu liligeuka "jina la ukoo", na mpaka leo naitwa kwa jina la mtu aliyefariki kabla sijazaliwa. Sikubadilishiwa na mtu, nilijaza fomu mwenyewe.

Sasa kurudi. Hapo ndipo nilipokwama miezi. Mtu anayerudi kwao hakuna anayemwandika: hana mkataba wa kupeleka polisi, haulizwi maswali na karani, anashuka melini na kwenda zake nyumbani. Nilidhani angepita tena Liverpool, nikapekua orodha za abiria walioingia Uingereza, ambazo zipo. Sikumwona. Nikamtafuta kwenye sensa za Marekani: ya 1900 hayupo, ya 1910 hayupo. Ya 1890 karibu yote iliharibika kwa moto wa 1921, na hata ingekuwepo yeye alikuwa hajafika.

Usiku mmoja nikaacha meli, nikafungua kitabu cha ubatizo cha kwao. Nikaandika kwenye karatasi miaka ya watoto wake, mmoja chini ya mwingine: 1900, 1902, 1904, 1909, 1911.

Mwanamke yeyote akiiangalia orodha ile anaona. Wawili, wawili, kisha pengo la miaka mitano, kisha wawili tena. Nikarudi kwenye ubatizo wa yule wa 1904, Oktoba. Kwenye nafasi ya baba mchungaji ameandika: seremala, yuko Amerika. Kumbe alikuwa amekwenda mara mbili! Alirudi mara ya kwanza kabla ya 1900, akaoa, akazaa, akaondoka tena akimwacha mkewe na mimba. Na yule wa pili kutoka mwisho kazaliwa Februari 1909. Ukihesabu miezi tisa nyuma unafika Mei 1908. Mzee alikuwa nyumbani mwezi huo, sihitaji tiketi. Nilipomweleza mama mkwe kwamba nimeanzia chumbani, alicheka mpaka akavua miwani. Yule mtoto wa 1909 ndiye baba yake.

Baada ya hapo mambo yalifunguka. Orodha ya meli ya 1904 nilimpata kwa urahisi, na safari hii hakupita Liverpool: alipanda meli ya kampuni ya Kidenmaki iliyokuwa ikitia nanga Kristiansand na kwenda moja kwa moja New York. Pengine hata akirudi hakupita huko, ndiyo maana Uingereza sikumwona. Ilikuwa masika. Mwishoni mwa Juni mwaka huohuo meli nyingine ya kampuni hiyo, Norge, iligonga mwamba karibu na Rockall, kisiwa cha jabali katika Atlantiki, na kuzama na watu zaidi ya 600, wakiwemo Wanorwei wengi waliokuwa wakihama. Sijui mkewe aliipokea vipi habari ile akiwa na mimba ya miezi sita.

Orodha ya 1904 ina raha kuliko ya 1893, maana maswali yameongezeka. Nani kakulipia nauli? Mwenyewe. Umewahi kuwa Marekani? Ndiyo, 1893 hadi 1899, Brooklyn. Kwa jibu hilo moja nikapata kurudi kwake kwa kwanza, baada ya kulitafuta kila mahali. Je, wewe ni mpinga serikali zote? Hapana. Una wake zaidi ya mmoja? Hapana. Babu yangu wa Pangani angerudishwa na meli ileile.

Na kwa nini sensa za Marekani hazina habari zake? Kwa sababu kila walipohesabu alikuwa upande mwingine wa bahari. Jimbo la New York lakini lilikuwa na sensa yake, ya Juni 1905, na humo yumo: mpangaji kwenye nyumba ya Brooklyn pamoja na wanaume wengine wa Kinorwei, seremala, si raia. Mwenye kutafuta mtu wa Brooklyn asiishie kwenye sensa za taifa.

Uthibitisho wa mwisho ulitoka nyumbani. Sensa ya Norwei ya tarehe 1 Desemba 1910 iliwauliza waliorudi kutoka Marekani waliondoka mwaka gani, wamerudi mwaka gani, waliishi wapi mwisho na walifanya kazi gani, kwa sababu waliorudi walishakuwa wengi kiasi cha serikali kutaka kuwajua. Sensa za huku hufungwa miaka mia moja, kwa hiyo hii ilifunguliwa 2010, na ya 1920 ikafuata 2020. Ya mzee: kaondoka 1904, karudi 1908, Brooklyn, seremala. Mimi na kitabu changu cha ubatizo tulikuwa hatujakosea.

Lakini 1908 inaharibu hadithi ya familia. Nilitafuta maziko ya mama yake, nikayakuta: Novemba 1903. Mzee alikuwa yuko nyumbani, ameshakaa miaka minne. Hakurudi kumzika mama yake. Alimzika, baridi ikapita, akaondoka. Kilichomrudisha miaka minne baadaye nadhani ni njaa ya kazi. Oktoba 1907 New York ilipata mtikisiko wa fedha, watu wakapanga foleni nje ya benki, ujenzi ukasimama, na kuanzia miezi hiyo meli za kurudi Ulaya zikajaa. Seremala asiye na gati la kujenga, analipa chumba, ana watoto watatu Lista na mmoja hajawahi kumwona. Tarehe zinakaa vizuri mno kuwa bahati tu. Mume wangu anasema namvunjia heshima mzee. Mimi naona kurudi kwa sababu kazi imekwisha si aibu. Nusu ya mtaa wangu wa Pangani umejengwa na watu wa namna hiyo.

Mama mkwe yeye hakubisha. Alinyamaza, akamimina kahawa, akauliza kitu ambacho mimi sikuwa nimekiwaza: "Basi lile sanduku ni la safari ipi?"

Tulipanda darini na taa. Jina lililoandikwa ni la mwana-wa-fulani, lile la 1893, na mwaka 1904 mtu mwenye mke asingebeba kisanduku kidogo kiasi kile cha vifaa na nguo za miaka minne. Hilo ni la kijana wa miaka 21. La safari ya pili halijaonekana. Mume wangu anadhani lilibaki Brooklyn. Mama mkwe anasema Jumamosi tukatazame banda la mashua, kuna kreti moja kule watu wamekuwa wakikalia wakitengeneza nyavu tangu yeye akiwa mtoto, na hakumbuki kama mtu aliwahi kuipindua.

Mama wa wawili, Kristiansand