Uliza Fundi: Altezza mbele ya BMW

SWALI: Shikamoo fundi. Nimejikusanya ninunue gari la kwanza na moyo wangu uko kwenye Toyota Altezza. Marafiki wananicheka, wanasema ni gari la vijana wa kelele na kwamba kwa hela hiyohiyo napata BMW 320i. Kaka yangu aliyeko Uingereza anasema kule Altezza ni Lexus na ilitengenezwa ipambane na hao Wajerumani. Ni kweli, au ananifariji tu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Kaka yako anasema kweli tupu. Toyota waliitoa Altezza Oktoba 1998, mwaka uleule ambao BMW walitoa Series 3 ya bodi ya E46 (ndiyo hiyo 320i ya marafiki zako), na ikachukua tuzo ya Gari la Mwaka Japani. Lexus, jina la Toyota la magari ya kifahari, ilikuwa bado haiuzwi Japani. Huko ilianza 2005. Ndiyo maana nyumbani gari lilivaa nembo yake lenyewe, na lilipovuka bahari likaitwa Lexus IS 200 Ulaya na IS 300 Marekani. Kwa hiyo vijana wanaobandika ile nembo ya L ya Lexus ya kununua mtaani, safari hii hawamdanganyi mtu.

Na walikuja kwa shari. Injini imelala kwa urefu, tairi za nyuma ndizo zinazosukuma, na tairi zote nne zina amu (mkono unaoshikilia tairi) ya juu na ya chini, kitu ambacho E46 haina kwa mbele. Dashibodi waliipanga kama saa ya mkononi yenye visaa vidogo ndani yake. Zile taa za nyuma zenye kioo cheupe ziliigwa na watengeneza urembo wa magari dunia nzima, mpaka zikawekwa kwenye magari ambayo, kwa kweli, hazikuyapendeza.

Lakini kwenye soko la gari jipya BMW alibaki juu, na sababu haikuwa usukani peke yake. Ulaya ukiingia kwa muuzaji wa BMW unakuta sedani, ya milango miwili, ya kufunua paa, ya kubebea mizigo, ya petroli, ya dizeli, injini ndogo hadi M3 yenye nguvu kuliko zote. Kwa Lexus, mwanzoni unakuta IS 200 ya petroli ya lita 2.0, basi. Dizeli hakuna, na Wazungu wakati ule walikuwa wanaitaka dizeli kweli. Marekani walipewa IS 300 ya lita 3.0, injini ya 2JZ yenye sifa zake, halafu mwaka wa kwanza ikaja na gia za otomatiki tu! Unamuuzia mtu sedani ya kispoti halafu unamnyima klachi. Kiti cha nyuma nacho kinabana. Mtu mrefu akikaa pale Dar hadi Morogoro atashuka ananuna.

Wewe lakini hununui gari jipya. Unanunua gari la zaidi ya miaka 20, na hapo mizani inageuka. E46 ukiiendesha ikiwa nzima utaipenda kuliko Altezza, sitakuficha: inameza mashimo kwa adabu na usukani wake unazungumza na mikono. Shida yake inajulikana kwa kila fundi. Tanki la maji ni la plastiki, na plastiki hiyo ikizeeka kwenye joto hupasuka; ukichelewa kuona mshale umepanda, silinda hedi inapinda. Spea nzuri zipo, ila ziandalie mfuko wake kabisa.

Altezza AS200 ina injini ya 1G-FE, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ileile iliyokuwa kwenye Mark II na Chaser. Spea utazipata na kila fundi ameshaifungua. Hapo ndipo Altezza alipomshinda Mjerumani, tena bila kutangaza. RS200 ni jambo jingine: silinda nne, 3S-GE, nguvu za farasi 210 kwa ile ya gia sita za mkono. Hiyo ndiyo sedani ya kispoti halisi, lakini nguvu hiyo inaipata injini ikifika mizunguko 7,600 kwa dakika. Kwenye foleni hutafika huko hata siku moja, na injini yake inataka petroli ya okteni ya juu. Mimi ningekuchagulia AS200.

Ukienda kuiona, usianze na ringi. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Zikipita kilomita 100,000 bila jibu la kueleweka, hesabu gharama hiyo ndani ya bei. Sikiliza difu ukiachia mafuta kwenye mwendo. Iinue juu, tikisa tairi za mbele, maana amu nyingi ni bushi nyingi. Na kama ekzosi imekatwa na springi zimekatwa, muage mwenye gari kwa heshima.

SWALI: Fundi, naambiwa Mark X ya 2.5 na Lexus IS 250 zina injini moja. Mbona bei zinaachana hivyo?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Injini ni moja, 4GR-FSE ya V6. Unalipia jina, utulivu wa ndani na ufundi wa bodi. Mark X ni ndefu zaidi, kama sentimita 15, na abiria wa nyuma atakushukuru. Zote mbili mafuta hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo petroli haisafishi valvu na masizi hujaa. Kabla ya kutoa hela, iwashe asubuhi ikiwa baridi. Ikitetemeka ikiwa imesimama, mwambie muuzaji aisafishe kwanza au ashushe bei.