Pampu ya Tokheim 39 yenye vipande pungufu: uanzie wapi?

Swali: Fundi, kwenye mnada wa shamba moja hapa Ohio nimenunua pampu ya petroli ya zamani. Bamba lake limeandikwa Tokheim, modeli 39. Upande mmoja hauna mlango, uso wa namba wala kioo. Globu ya juu (tufe la tangazo linalowaka taa) haipo, mpira wa mafuta na nozeli havipo, na kikokotoo cha bei kimekwama. Nataka ikae sebuleni ikiwaka taa, sihitaji itoe mafuta. Ninunue nini kwanza? (Msomaji, Columbus)

Jibu: Kwa sasa usinunue chochote, ndugu yangu. Pampu hii ilitengenezwa isomwe kutoka pande mbili, kwa hiyo karibu kila kilichopotea upande mmoja kina pacha wake upande wa pili. Upande uliosalia ndio kigezo chako. Ukiuvunjavunja kabla ya kuupima na kuupiga picha, umepoteza mchoro pekee ulio sahihi kwa pampu yako, maana hata pampu za modeli moja zilibadilishwa kidogo kiwandani na zikarekebishwa tena vituoni.

Kazi ya kwanza ni kuondoa mafuta. Petroli ya zamani hubaki ndani ya pampu yenyewe, kwenye chungu cha kutenganisha hewa na kwenye mita, hata kama kituo kilifungwa zamani sana. Mvuke wake unawaka, na masalia yake yana risasi. Fungua plagi zote za chini ukiwa nje, mbali na moto na umeme, uvae glavu, kisha upeleke mafuta hayo kwenye kituo cha taka hatari. Usiwashe mota ili "kuijaribu". Usichomelee wala kukata kwa grinda mpaka viungo hivyo vitatu vimetoka kwenye fremu. Kwa kuwa pampu itakaa sebuleni, nashauri chungu na mita visirudi kabisa, kwa sababu harufu haiishi.

Sasa twende kwenye vilivyopotea. Nyuso za namba, vioo vya tangazo, stika, globu, mpira na nozeli vinatengenezwa upya Marekani na vinapatikana bila shida. Vigumu ni vyuma vya kusubu (vilivyomiminwa kwenye kalibu), kitasa na kufuli la mlango, ndoano ya nozeli pamoja na wenzo wake, na kikokotoo. Basi pesa yako itangulie huko. Ukikuta pampu nyingine ya modeli hiyo iliyooza bodi lakini vyuma vyake vya kusubu vizima, inunue kwa ajili ya spea. Mara nyingi hutoka nafuu kuliko kusaka kipande kimoja kimoja.

Mlango unaweza kutengenezwa na fundi bati. Chukua kigezo cha kadibodi kutoka mlango uliopo, pima unene wa bati kwa vernia (kipimo cha unene), na usikubali bati jembamba zaidi, litapiga mawimbi ukilipaka rangi. Kwa kioo, toa milimita 1.5 kila upande ili mpira wake upate nafasi. Kioo kilichoimarishwa kwa joto hakikatwi tena, kwa hiyo kigezo kiwe sahihi kabla ya kuagiza.

Bolti zake ni za inchi. Bolti ya M6 huingia kwenye tundu la robo inchi lenye nyuzi 20 kwa inchi, huonekana imeshika, kisha hung'oa uzi wa chuma cha kusubu, na hicho ndicho kipande usichoweza kukinunua.

Kikokotoo kinahitaji subira. Usilazimishe mkono wa kurudisha sifuri. Gia nyingi ni za aloi ya zinki, ambayo ikizeeka huvimba na kupasuka, na jino moja likikatika safu yote ya namba husimama. Kitoe kizima, paka mafuta ya taa kwenye gia kwa brashi ndogo, acha siku kadhaa, kisha geuza kwa vidole. Mafuta hayo yasiguse magurudumu ya tarakimu, yataondoa rangi ya namba. Kikilegea, weka tone la mafuta ya cherehani kwenye kila ekseli. Kisipolegea, kiache kilivyo: kwa maonyesho, namba zikae sawa tu. Bei chagua inayoendana na enzi yake.

Rangi ya asili itafute chini ya bamba la jina na nyuma ya fremu ya kioo, mahali jua halikufika. Chukulia kuwa rangi ya zamani ina risasi: ondoa kwa dawa ya kuvua rangi au msasa wa maji, usipige msasa mkavu. Kupuliza mchanga kwenye milango mipana huikunja, na haikunjuki. Baada ya hapo weka praima ya epoksi, bodi fila (ya kujazia mabonde) isiyozidi milimita 3, msasa 180, praima ya kujaza, msasa 320 kisha 600 wa maji, ndipo rangi. Rangi zenye kigumu cha isosayaneti (kemikali inayodhuru mapafu) zinahitaji barakoa ya kuletewa hewa safi. Kama huna, mpe kazi hiyo fundi wa rangi za magari. Stika subiri angalau wiki.

Globu nyingi za wakati huo zina lenzi za inchi 13.5 na kitako cha inchi 6. Pima pete iliyopo kabla ya kuagiza. Skrubu zake kaza kwa vidole tu, na uweke mpira kati ya chuma na kioo. Nyaya zote za zamani zitupwe. Tumia LED, kwani balbu ya moto hukunja globu ya plastiki, na waya wa ethi uunganishwe kwenye fremu.

Jambo moja husahauliwa sana: ukitoa viungo vya chini, uzito unabaki juu na pampu inaweza kumwangukia mtoto. Funga miguu yake kwa bolti kwenye bamba la chuma la milimita 6 lililo pana kuliko kitako, au uifunge moja kwa moja sakafuni.