Hiyo pawasaplai ya bure itakugharimu, ndugu wa Nakuru

Kama bado hujaweka PIN ya M-Pesa, usiweke.

Nimesoma orodha yako ya vipuri vya kompyuta ya gemu uliyoiweka hapa. Prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Ryzen 5 5600, kadi ya grafiki ya RTX 3060 ya mkono wa pili, unauliza RAM (kumbukumbu ya kazi) iwe GB 16 au 32, unauliza skrini ya hezi 144, inayobadilisha picha mara 144 kwa sekunde, kama ina maana, halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayekumbuka chumvi, unasema kasha linakuja na pawasaplai, kile kisanduku kinachogawia kompyuta nzima umeme wa ukutani, ya wati 600 bure. Watu wote waliokujibu hapo juu wanabishana kuhusu RAM. Hiyo chumvi hakuna aliyeionja. Mimi nimeshika kichwa kwa sababu hiyo orodha ni yangu ya mwaka juzi, mpaka zile feni za taa za rangi. Nilizipenda sana zile taa.

Nilijibana miezi 9. Siku ya kununua nilimuuliza yule kijana wa duka, hapa Kisumu mjini (duka silitaji, na ukija inboksi nitatukana tu, jina sitoi), "Hii inabeba 3060 kweli?" Akacheka. "Bosi, hiyo inabeba hata mbili." Kadi ilitaka plagi ya pini 8, pawasaplai ilikuwa na ya pini 6 peke yake. Kijana akafungua droo, akatoa kiwaya cha kuungia, akakichomeka kwenye zile plagi nyeupe za diski za zamani. Mimi nikasema moyoni, huyu ni fundi. Nikapanda boda mpaka Kondele nimelikumbatia kasha kama mtoto.

Sasa geuza pawasaplai yako uangalie stika ya ubavuni. Ile 600 iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni pambo. Tafuta safu ya 12V, yaani volti 12, uone ampea ngapi. Yangu ilikuwa 18. Zidisha 12 kwa 18 upate wati 216, na prosesa na kadi za siku hizi karibu chakula chote hutoa hapo kwenye 12V. Kadi ya 3060 peke yake ni wati 170. Hiyo 5600 ni 65. Umeshafika 235 na bado hujahesabu feni wala madabodi, ule ubao mkuu unaobeba vyote. Nvidia wenyewe, wenye kadi hiyo, wanashauri pawasaplai ya 550 kwa kadi hiyo, na hawazungumzii 550 za stika. Hesabu hii mtoto wa darasa la nne anaiweza. Mimi nina diploma.

Wiki 3 za kwanza kompyuta ilikuwa inajizima na kujiwasha kila gemu likichangamka. Kwenye intaneti tu, haina neno. Nikampigia kijana: "Hiyo ni Windows, bosi, iweke upya." Nikaiweka upya mara 2. Nikampigia tena: "Basi ni RAM." Nikanunua kijiti kingine cha 4,500, kwake yeye huyo huyo! Mara ya tatu akasema ni stima ya Kisumu. Hapo angalau alikaribia ukweli kidogo, kwa bahati mbaya.

Maana ilikuwa Aprili, mvua ya jioni, radi zinatoka upande wa ziwa. Stima ikapotea, ikarudi, ikapotea, ikarudi kwa kishindo. Pawasaplai nzuri ina kinga: volti ikipanda ndani yake, inajizima yenyewe kabla haijawafikishia wengine balaa. Yangu ilikufa kwa kusindikizwa. Nilisikia "tap" moja tu, kisha harufu, jirani akauliza kupitia ukuta ni nani anaunguza omena. Kadi ya 36,000 ikaenda. Madabodi ya 11,500 ikaenda. RAM zote mbili, pamoja na kile kijiti cha 4,500 ambacho sikukihitaji. Prosesa ikapona, nayo 5600 haina grafiki zake yenyewe, kwa hivyo hata ningepata madabodi nyingine kesho yake, bila kadi ningekuwa natazama skrini nyeusi.

Nikarudi dukani. Unajua aliniambia nini? "Pawasaplai ilikuwa ya bure, bosi. Ya bure haina waranti." Omera, niliondoka kimya, kwa sababu ningeongea ningelala kituo cha polisi.

Fundi mmoja wa redio pale Kibuye ndiye aliyeifungua. (Wewe usifungue ya kwako. Kapasita zake hushika umeme hata ikiwa imechomolewa ukutani.) Mahali pa koili za kuchuja umeme wa ukutani palikuwa na vipande vya waya, daraja tu la kuvukia. Akaipima uzito mkononi akasema redio ya nyanya yake ni nzito kuliko hii.

Kwa hivyo orodha yako ianzie hapo. Pawasaplai kwanza, inunue peke yake, ya kampuni inayojulikana, 550 au 650, safu ya 12V isome ampea 40 na zaidi, iwe na plagi yake yenyewe ya pini 8 bila viwaya vya kuungia, na waranti ya maandishi yenye muhuri. Mimi sasa ninayo iliyonigharimu 8,000. Kinachobaki ndicho ununulie kadi. Kikibaki cha kadi ndogo, nunua ndogo. RX 6600 ni wati 132 na gemu za mpira inazicheza bila jasho. Nyuma ukiona swichi nyekundu ya 115 na 230, iwe 230, umeme wetu ni volti 240. Na ukutani weka friji gadi, kile kifaa cha kukata stima volti ikiyumba. Ndiyo, ile ya friji. Mke wangu anacheka kwamba kompyuta ina gadi na friji haina.

RAM? 16, vijiti 2 vya 8, si kimoja cha 16. Yale mengine wamekujibu hapo juu, sijui, sijasoma vizuri.

Mwambie huyo muuzaji akutumie picha ya stika ya ubavuni, si ya boksi, uiweke hapa. Akisema stika ilibanduka, jibu umeshapata. Niko macho mpaka saa sita, stima ikikubali, maana huku wingu limeshafunga.