Toeni magari kwenye kona kwanza: ushauri kwa mitaa yenye shule

Kama mtaa wenu umewekewa lami miaka hii ya karibuni na ndani yake kuna shule ya msingi, nawaomba msingoje mtoto agongwe ndipo muanze kuzungumzia magari yanayolazwa barabarani. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa wetu, Kinondoni, Dar es Salaam. Sisi wakazi tulikubaliana kuyaondoa magari yetu wenyewe kwenye kona, na kwenye upande mmoja wa barabara inayoelekea geti la shule. Majirani wa mitaa mingine wamekuwa wakiniuliza tulianzia wapi, nami naona bora niandike.

Zamani barabara ilipokuwa ya vumbi na mashimo, gari lililoegeshwa pembeni halikumtisha mtu. Dereva alikuwa anatafuta pa kupitisha tairi, mwendo wenyewe wa kutambaa. Mradi wa DMDP, ule wa kuendeleza miundombinu ya jiji la Dar es Salaam, ulipoleta lami mitaani, Kinondoni, Ilala na Temeke, tulishukuru, na bado tunashukuru. Lakini lami ilileta mwendo. Bodaboda aliyekuwa akikwepa madimbwi sasa ananyoosha moja kwa moja, na mwenye gari anayekwepa foleni ya barabara kubwa amegundua njia ya mkato mbele ya madarasa ya watoto wetu.

Wakati huohuo sehemu za kulaza magari zimekwisha. Tazameni nyumba zetu. Ule uwanja wa mbele uliokuwa na mwembe na gari la baba mwenye nyumba, leo una fremu tatu: saluni, wakala wa pesa, duka la vipodozi. Fremu inaleta kodi, na kodi inasomesha, kwa hiyo gari likasogezwa barabarani. Huu ndio mzizi wa jambo, na ukienda kwenye mkutano bila kuujua utawatukana watu ambao kwa kweli walikuwa wakitafuta riziki.

Sasa msimamisheni mtoto wa darasa la kwanza katikati ya Noah mbili zilizopaki kwenye kona. Noah inamficha hata mtu mzima, sembuse yeye. Ili aone kama kuna chombo kinakuja, lazima atoke hadi pale bampa zinapoishia, yaani awe tayari amekwisha kuingia barabarani. Dereva naye anamwona wakati huohuo. Kitabu cha kanuni za barabarani cha Uingereza kinakadiria kwamba gari likienda kilomita 32 kwa saa huhitaji mita 12 mpaka lisimame kabisa, na likienda kilomita 48 huhitaji mita 23. Kwetu kikomo kwenye maeneo ya makazi ni kilomita 50. Mtoto akichomoza mita tano mbele ya gari, hata dereva mstaarabu mwenye breki nzuri hana la kufanya. Ndiyo maana nasema habari ya kuwaelimisha madereva peke yake haitoshi. Asiyeonekana haonekani.

Kitabu hichohicho kinawaambia madereva wasiegeshe ndani ya mita 10 kutoka makutano ya barabara. California, Marekani, ilipitisha sheria mwaka 2023 inayokataza kuegesha ndani ya takriban mita sita kabla ya kivuko cha waenda kwa miguu, na faini zikaanza kutozwa mwaka 2025. Mji wa Hoboken, New Jersey, una watu kama 60,000 waliobanana kwenye eneo dogo sana, na magari yamejaa kila ukingo. Walisafisha kona zao, moja baada ya nyingine, wakaweka nguzo ili gari lisiweze kurudi. Tangu Januari 2017 ulipita mwaka baada ya mwaka bila mtu hata mmoja kufa kwa ajali kwenye mitaa ya mji ule. Yako mengine waliyofanya, kama kupunguza mwendo, ila kona ndiyo ilikuwa kazi yao ya kila siku. Oslo, Norway, waliondoa mamia ya nafasi za maegesho katikati ya jiji, na mwaka 2019 hakuna mwenda kwa miguu wala mwendesha baiskeli aliyeuawa barabarani jiji zima.

Mifano hii ni mizuri, lakini msianze nayo mkutanoni. Mtu atasimama aseme Norway wana treni, sisi tuna mabasi ya mwendokasi yaliyojaa, na atakuwa amesema kweli. Anzeni na hesabu ya mtaa wenu. Mita 10 ni nafasi ya magari mawili tu. Pigeni hesabu ya kona zilizo kwenye njia ya watoto, muone mnaomba magari mangapi yahame. Watu wanaposikia "kuondoa maegesho" hudhani barabara nzima inafungwa, na hasira inapanda kabla mwenyekiti hajafungua kikao.

Kabla ya mkutano, piteni usiku. Sisi tulipita saa nne usiku na mwenyekiti wa mtaa pamoja na mabalozi wa nyumba kumi, tukiandika gari lipi ni la nani. Hapo ndipo nilipoona umuhimu wa kazi hii, maana sehemu kubwa ya magari ya kwenye kona hayakuwa ya wakazi wanaoyatumia. Kulikuwa na mikweche ya fundi iliyokaa juu ya mawe, haina hata tairi, na pikapu za wafanyabiashara wanaoishi mbali. Hayo yatoeni kwanza. Hayana mtetezi, na yakiondoka mtaa mzima unaona kwa macho tofauti ilivyo.

Kisha mje kwa wenye magari yao. Hapa nendeni kwa adabu, nyumba kwa nyumba, msimvizie mtu mkutanoni mbele ya watu. Mzee mmoja, mstaafu, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia: "Mwanangu, hili gari ndiyo pensheni yangu yote. Nikililaza huko mnakotaka wakaninyofolea vioo na taa, utanilipa wewe?" Sikuwa na jibu siku ile, kwa sababu alikuwa na haki. Watu hawalazi gari chini ya dirisha kwa uvivu wa kutembea. Wanaogopa kuamka asubuhi na kukuta sait mira hazipo.

Kwa hiyo tafuteni pa kulaza magari kabla hamjamwambia mtu ahame. Hili nalisisitiza kuliko mengine yote. Karibu kila mtaa una eneo linalofungwa jioni na kukaa tupu mpaka asubuhi: yadi ya tofali, uwanja wa kanisa, karakana. Sisi tulizungumza na mwenye yadi ya tofali. Wenye magari wanachangia mshahara wa mlinzi na taa, mwenye yadi anapata ulinzi wa mali yake bure, na magari yanatoka kabla ya mafundi kuanza kazi. Mkataba uandikwe, usainiwe mbele ya mtendaji wa mtaa, na useme wazi gari likiibiwa kifaa nani anawajibika. Yule mzee alikuwa wa kwanza kulipia, na baada yake wengine hawakuwa na la kusema.

Mwacheni pia mgonjwa na mlemavu. Tuna mama anayepelekwa hospitali kusafishwa figo. Gari lake linabaki mlangoni kwake, na nafasi hiyo imechorwa. Mpango usiomjali mtu kama huyo haustahili kuungwa mkono.

Jambo jingine ambalo halijulikani sana: magari yaliyoegeshwa, pamoja na hatari yake, yanabana barabara na kuwafanya madereva wapunguze mwendo. Ukiyaondoa ukaacha lami tupu, umewapa bodaboda uwanja wa mbio. Nafasi iliyoachwa lazima ijazwe siku hiyohiyo. Upande wa shule jazeni kwa njia ya waenda kwa miguu, kona zijazwe kwa nguzo, na tuta liwekwe kabla ya kivuko. Rangi peke yake haizuii gari. Nguzo za zege fundi wa mtaani anazimwaga kwa kutumia bomba la plastiki la inchi sita kama umbo, zisiwe ndefu kiasi cha kumficha mtoto tena, wala zisizibe mtaro au njia ya gari la zimamoto.

Ila msichimbe lami bila ruhusa. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanzishwa mwaka 2017, na barua inapaswa kupitia kwa mtendaji wa mtaa na wa kata. Ambatanisheni muhtasari wa mkutano wenye saini za wakazi na picha za saa moja asubuhi, watoto wanapopita. Mhandisi akiona wenye magari wenyewe wamesaini, mazungumzo yanakuwa tofauti kabisa. Waulizeni pia Amend, shirika ambalo limetengeneza mazingira ya shule nyingi Dar es Salaam kwa njia za miguu, matuta, nguzo, na pengine hata kuhamisha geti la shule lielekee barabara tulivu. Mpango wao unaitwa SARSAI, na mwaka 2019 ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross, inayotolewa na taasisi ya utafiti ya World Resources Institute. Kazi hiyo ilifanyika hapahapa kwetu, kwenye mitaa kama hii yetu.

Kona ikishakuwa tupu, itatamaniwa. Wiki haiishi kabla kijiwe cha bodaboda hakijahamia pale, au mtu kaweka kabati la chipsi na mwavuli mkubwa. Zungumzeni na viongozi wa kijiwe mapema, muwaonyeshe sehemu nyingine yenye kivuli na wateja. Vijana wetu walikubali kusogea baada ya kupewa ukuta wa kiwanja cha jirani, na sasa wao ndio wanaomfukuza mgeni anayetaka kupaki kwenye nguzo.

Kwetu imebaki kona moja, ya upande wa sokoni, ambako mwenye fremu anapakulia mzigo kuanzia alfajiri hadi saa tatu, saa zilezile za watoto. Tumemwomba lori lije baada ya saa tatu. Bado hajakubali, na tunaenda kwake tena Jumamosi, safari hii pamoja na mwalimu mkuu.