Mlipuko Upi?

Mwalimu wa fizikia anauliza: mwanga unaobaki angani baada ya "mlipuko wa miale ya gama" (miale isiyoonekana kwa macho, yenye nguvu kupita mwanga wa kawaida) uitwe "mng'ao wa baadaye" au "masalio ya mlipuko"?

Mwalimu, andika "mng'ao wa baadaye". Nyota iliyolipuka huacha masalio ya kweli, nayo ni wingu la gesi linalodumu maelfu ya miaka, kama lile la nyota ambayo Wachina waliiona mwaka 1054. Mng'ao unaouulizia hufifia kwa siku au wiki chache, kama wekundu wa magharibi jua likishatua.

Linalonikera zaidi ni neno ulilolipitisha bila kulihoji: mlipuko. Kulipuka ni kupasuka kwa nguvu hata vipande vikatawanyika, kama baruti. Miale ya gama haipasuki. Inamweka, kama umeme unavyomweka kabla ya radi, na jina linalotokana na kitenzi hicho lipo tayari: mmweko.

Tazama sentensi hii, ya aina ninayokutana nayo kila mara: "Mlipuko wa tarehe 29 Machi 2003 uliacha mng'ao, na mng'ao ulipofifia, mlipuko ukaonekana." Mlipuko upi? Msomaji atadhani nyota ililipuka mara mbili, au kwamba mlipuko mmoja ulijificha ukarudi. Ilivyokuwa ni kwamba kiini cha nyota kubwa, iliyo umbali wa miaka ya mwanga bilioni 2 hivi, kiliporomoka na kutoa mkondo mwembamba uliokwenda karibu na kasi ya mwanga. Mkondo huo ulitoa mmweko wa nusu dakika hivi, kisha ukagonga gesi iliyoizunguka nyota, na hapo ndipo ulipozuka mng'ao. Mwili wa nyota ndio uliolipuka, nao tunauita supanova. Mwanga wake hupanda polepole, ndiyo maana alama zake zilijitokeza wazi katika mng'ao yapata siku kumi baadaye. Mambo matatu hayo yanastahili majina matatu, na Kiswahili kinayo.

Wala mmweko na mlipuko si pacha wasioachana. Tarehe 17 Agosti 2017 ulionekana mmweko wa sekunde mbili hivi uliotokana na kugongana kwa nyota mbili za nyutroni, yaani viini vizito mno vya nyota zilizokwisha kufa, na hapakuwa na supanova yoyote. Anayeziita zote milipuko ataieleza vipi tofauti hiyo darasani?

Inaniuma zaidi nikikumbuka kwamba mng'ao wa kwanza uliopata kutambuliwa, wa tarehe 28 Februari 1997, ulinaswa na BeppoSAX, setilaiti ya Italia na Uholanzi, ambayo data zake zilikuwa zikipokelewa Malindi. Habari ilishuka kwenye pwani ya Waswahili wenyewe, nasi tukaipokea kwa neno moja la baruti.

Kipindupindu nimekiachia mlipuko wake, kwa kuwa madaktari na magazeti wameshauzoea. Ubaoni kwako, Mwalimu, tafadhali andika: mmweko wa miale ya gama, mng'ao wa baadaye, na mlipuko wa nyota.