Swali la lugha: mdomo wa pampu huzibwa au huzibuliwa?

Swali: Mimi ni fundi wa boti, Mwanza. Ninawaandikia vijana wangu maelezo ya boti za jeti, zile zisizo na propela ya nje. Niliandika: "Rekebisha mdomo wa pampu na mapezi kila boti ikipandishwa nchi kavu." Kijana mmoja akaniuliza, "Nirekebishe vipi?" Je, nimekosea neno? Na kwa chombo niseme "pezi" au "mkuku"?

Jibu: Hukukosea neno, lakini "rekebisha" ni pana mno kwa kazi hii, na kijana ameuliza swali la haki.

Boti ya jeti huvuta maji kupitia tundu lililo chini, upande wa nyuma, ambalo ndilo mdomo wa pampu. Impela, yaani gurudumu lenye mapanga linalozunguka ndani ya pampu, huyasukuma, yakatoka kwa kasi na kuipeleka boti mbele. Bill Hamilton wa New Zealand aliziendeleza boti hizi miaka ya 1950 kwa ajili ya mito yenye kina kifupi na changarawe. Katika mito ya namna hiyo mawe huudhuru mdomo wa pampu kwa njia mbili zilizo kinyume: ama huingia yakakwama, ama huumega ukingo wake. Dhara la kwanza dawa yake ni kuzibua, la pili ni kuziba. Tazama jinsi kiambishi kidogo tu kinavyogeuza kazi nzima! Hii ndiyo kauli ya kutendua, tunayoisikia pia katika funga na fungua, nasa na nasua, chomeka na chomoa. Ukimwambia kijana "rekebisha", umemnyima kiambishi hicho, naye atabahatisha.

Mimi ningeanza na kauli ya kutendeka, kwa sababu ndiyo inayotaja hali ya kifaa kabla ya mkono wa fundi kukigusa. Ukingo umekwaruzika: ulainishe kwa msasa. Umemeguka: ujaze kwa kuchomelea, au kwa gundi ya epoksi, kisha usawazishe kwa tupa hadi urudie umbo lake. Umbo hilo si urembo. Ukingo wenye makovu huvuruga maji, viputo vikazuka, na viputo hivyo vikifa juu ya chuma hukichimba vishimo. Impela nayo husemwa imelika, si imeliwa, isipokuwa unamtaja mlaji: imeliwa na mchanga, imeliwa na kutu. Pete inayoizunguka impela pia hulika. Nafasi baina yao ikipanuka, maji hurudi nyuma na boti hupungukiwa nguvu. Hapo hakuna cha kurekebisha, andika "badilisha pete".

(Kitenzi "pinda" hakihitaji nyongeza yoyote: pezi limepinda, na inatosha.)

Kuhusu swali lako la pili, "pezi" ni sahihi kabisa. Mkuku ni mti mkuu wa chini, unaotoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), na chombo chote kimejengwa juu yake. Pezi hufungwa chini ya chombo ili kisiyumbe, na fundi anaweza kulifungua na kulirudisha. Ni vitu viwili tofauti, tusivichanganye. Ngeli yake ni li-ya, basi usiandike "pezi imepinda". Na "nyoosha" peke yake haitoshi hapa: pezi lililo mbele ya mdomo wa pampu likikaa upande, laweza kupeleka hewa kwenye pampu, injini ikavuma na boti isiende. Sema linyooshwe lielekee wapi.

"Mdomo" ubakishe. Wengine hupendelea "kinywa", lakini kinywa ni uwazi wa ndani, na kazi ya tupa na msasa iko ukingoni.

Kwa hiyo ningeyaandika maelezo yako hivi:

"Zima injini na uchomoe ufunguo kabla ya kuingiza mkono. Zibua mdomo wa pampu, toa mawe, kamba na majani. Ukingo uliokwaruzika ulainishe, uliomeguka ujaze na kuusawazisha. Pezi lililopinda linyooshe hadi lielekee omo sawasawa, lililopasuka lichomelee. Nati zilizolegea zikaze."