Wiski Glasini, Kofia Kichwani: Mnauliza, Tunajibu

Barua za toleo hili zimetoka kwa wasomaji wanaopenda vitu viwili kwa wakati mmoja: wiski nzuri na kofia wasiyotaka kuivua. Majibu ya wiski ni kwa waliofikia umri wa kunywa kisheria. Ya kofia ni ya kila mtu.

SWALI: Nina pama ya felti (sufu au manyoya yaliyoshindiliwa) niipendayo sana. Jioni nakaa nayo kichwani huku nikinywa wiski, lakini kila nikimalizia, kitako cha glasi kinagonga ukingo wa kofia. Nibadili glasi au kofia? — Mwenye Pama ya Kijivu

Kofia ibaki. Glasi yako bila shaka ni ile ndefu ya vinywaji vya kuchanganya, sentimita 14 au zaidi. Ukiiinua kumalizia funda la mwisho, kitako chake hupanda hadi usawa wa paji la uso, na hapo ndipo ukingo ulipo. Tumia glasi fupi yenye tumbo na mdomo uliobanwa, mfano wa Glencairn iliyoanza kuuzwa mwaka 2001. Urefu wake hauzidi sana sentimita 11. Kwa funda la mwisho, sogeza kofia nyuma kwa upana wa vidole viwili, kisha ndipo uinue glasi. Angalia pia kiti: mgongo wa kiti ukifika kisogoni, ukiegemea tu unausukuma ukingo wa nyuma na kofia inakushukia machoni.

Faida kubwa ya glasi hiyo ni pua. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu, na mdomo mwembamba huizuia isitawanyike. Mimina mililita 30, iache dakika tano, halafu isogeze glasi taratibu kuanzia kidevuni huku mdomo umeachama kidogo. Usiizungushe kwa nguvu kama divai: kinachopanda kwanza ni mvuke wa kileo, nao ukiingia kwa wingi unaichoma pua na hutanusa kitu kingine kwa muda.

SWALI: Wiski ninayoijua vizuri hunuka dawa nikivaa kofia yangu moja. Nikivaa nyingine, hainuki. Inawezekana? — Nashangaa

Inawezekana kabisa, na inatupendeza kwamba umelinganisha kofia na kofia. Ukanda wa ndani uko sentimita chache tu juu ya pua yako. Kama kofia ilihifadhiwa na naftalini, vile vidonge vya kufukuzia nondo, au ukanda umenyonya mafuta ya nywele na manukato, joto la kichwa linaiamsha harufu hiyo kila unapoivaa. Kileo nacho hutanua mishipa ya damu ya ngozi, paji la uso linapata joto na jasho, na harufu inazidi.

Zipo wiski zenye harufu ya dawa kwa asili yake, hasa za kisiwa cha Islay huko Uskoti, ambako shayiri hukaushwa kwa moshi wa mboji (peat), udongo wa mimea iliyooza unaochomwa kama kuni. Jaribio ni rahisi: vua kofia, ipeleke chumba kingine, subiri dakika kumi, nusa tena. Harufu ikiondoka, mkosaji ni kofia. Ianike kivulini penye hewa siku mbili tatu, na ukanda wa ngozi ufute kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo sana. Naftalini iache kabisa. Viluwiluwi vya nondo hula sufu na manyoya, na hupenda zaidi palipo na jasho na uchafu, kwa hiyo kinga ya kwanza ni kuipiga kofia brashi kabla ya kuiweka ndani ya boksi lenye kifuniko.

SWALI: Rafiki zangu wanasema kutia maji kwenye wiski ni kuiharibu. Mimi naona inakuwa tamu zaidi. Nani yuko sahihi, na maji kiasi gani? Na barafu je? — Mnywaji wa Taratibu

Ulimi wako uko sahihi. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, Björn Karlsson na Ran Friedman, walichunguza kwa kompyuta mwenendo wa guaiakoli, mojawapo ya kemikali zinazoipa wiski harufu ya moshi. Kileo kikiwa kikali sana, guaiakoli huzungukwa na kileo na kubaki ndani. Kikipunguzwa makali, hupanda juu ya uso wa kinywaji, pale pua inapoanzia kazi.

Anza na mililita 30 za wiski na nusu kijiko cha chai cha maji, yaani mililita 2.5. Wiski yenye kileo cha asilimia 40 itashuka hadi karibu 37. Nusa, onja, kisha amua kama unaongeza. Ukifika kijiko kizima uko kwenye 34 hivi, na kwa wiski nyingi za asilimia 40 huo ndio mpaka: ukizidisha hapo, unapata maji yenye rangi. Wiski zisizopunguzwa kiwandani, zenye asilimia 55 hadi 60 na zaidi, ni habari nyingine. Hizo zinahitaji maji. Hesabu yake: zidisha kiasi cha wiski kwa asilimia yake, gawanya kwa asilimia unayoitaka, kisha toa kiasi cha wiski ulichoanza nacho. Mililita 30 za asilimia 60 ukizitaka ziwe 45: 30 mara 60 ni 1,800; gawanya kwa 45 upate 40; toa 30. Maji ni mililita 10. Yawe maji yasiyo na harufu ya klorini, ya joto la kawaida la chumba.

Barafu ni uamuzi tofauti na maji, kwa sababu baridi huizima harufu. Kwa wiski nzito ya moshi ungependa kuisikia yote, tusingeitia. Kwa bourbon tamu (wiski ya Kimarekani ya mahindi) siku ya joto, barafu inafaa, ila iwe bonge moja kubwa. Bonge la sentimita 5 kila upande lina ujazo uleule wa vipande vinane vya sentimita 2.5, lakini vile vinane vina eneo la nje maradufu, kwa hiyo huyeyuka haraka na wiski inakuwa majimaji kabla hujafika katikati ya glasi. Barafu ikitoka kwenye friza, isuuze kwanza, maana hunyonya harufu za vyakula. Kisha iache dakika mbili tatu mpaka uso wake ung'ae kwa maji. Ukiimwagia wiski ingali kavu na baridi kali, itapasuka vipande vidogo, na umerudi kulekule.

SWALI: Nimetia barafu na wiski ikaingia ukungu mweupe. Imechakachuliwa? — Mwenye Shaka

Hapana. Wiski ina chembe za mafuta kutoka kwenye nafaka, uchachushaji na pipa. Kileo kikiwa cha kutosha chembe hizo zinayeyuka. Baridi au maji vikizidi, zinagandamana na kuonekana kama ukungu. Viwanda vingi hupoza wiski na kuichuja ili jambo hili lisitokee. Visivyochuja mara nyingi huijaza chupani kwa asilimia 46 au zaidi, ambapo ukungu hautokei kirahisi. Iache ipate joto, itatakata. Wala ladha haijaharibika.

Dalili za kutilia shaka ni nyingine: lakiri ya kifuniko iliyovunjwa, lebo iliyochapwa vibaya, chupa za aina moja zenye ujazo usiolingana, bei isiyoingia akilini. Na hili tunaliandika kwa uzito wote: metanoli, sumu inayoua watu kwenye pombe bandia, haigunduliki kwa pua wala kwa ulimi. Dalili zake zinaweza kuchelewa saa nyingi baada ya kunywa. Mtu akiona ukungu machoni, akiumwa tumbo au akihema kwa shida, apelekwe hospitali papo hapo, asiachwe "alale ipite".

SWALI: Nimemwagia wiski pama yangu ya felti ya rangi ya maziwa. Fundi mmoja kaniambia nisugue kwa spiriti. Nifanyeje? — Nimehuzunika

Spiriti usiiguse. Kofia nyingi za felti hukazwa kwa shelaki, gundi ambayo huyeyushwa kwa kileo. Hicho ndicho kinachofanya wiski iwe hatari kwa felti kuliko maji: inaacha rangi ya pipa, na pia inaweza kulegeza ukingo. Spiriti italegeza zaidi.

Shika kofia kwa ukingo, mbele na nyuma, kwa mikono miwili. Usiishike kwa mabonyeo ya mbele ya kilele, kwani felti iliyolowa hapo hupoteza umbo, na hata ikiwa kavu, mshiko huo wa kila siku huipasua. Chukua kitambaa cheupe cha pamba na ukandamize, ukianzia pembeni mwa doa kuelekea katikati. Usisugue: nyuzi zilizolowa hujiviringisha na kuacha kiraka kigumu. Kitambaa kikiacha kunyonya, chukua kingine kilicholoweshwa kwa maji baridi na kukamuliwa sana, ukidonoe doa na eneo linalolizunguka kwa sentimita tatu nne, ukipunguza unyevu kadiri unavyotoka nje. Sababu ni kwamba maji yanapokauka hubeba rangi hadi ukingoni mwa eneo lililolowa. Mpaka ukiwa mkali, unabaki na duara la kahawia. Mpaka ukififia taratibu, halionekani. Kama wiski ilichanganywa na soda, rudia mara mbili zaidi, kwa sababu sukari ikikauka inanata na kuvuta vumbi.

Sasa geuza ukanda wa ngozi wa ndani utokeze nje chini, usimamishe kofia juu ya ukanda huo ili ukingo usiguse meza, na uiache mpaka kesho yake. Isiwe juani, isiwe karibu na jiko, wala usitumie mashine ya kukausha nywele. Joto husinyaza felti, na ukanda wa ngozi husinyaa hata zaidi, kisha kofia inakubana. Ikikauka kabisa, piga brashi laini kwa kuzunguka kinyume cha mwendo wa saa ukiitazama kutoka juu, ndiko nyuzi zinakolala. Kofia nyeupe iwe na brashi yake; brashi ya kofia nyeusi itaihamishia masizi.

Ukingo ukiwa umelegea, upitishe juu ya mvuke wa birika kwa umbali wa sentimita 15 hadi 20, sekunde kumi hivi, uunde kwa vidole, ushikilie mpaka upoe. Ukibaki tepetepe, shelaki imeondoka, na hapo ni kazi ya fundi wa kofia mwenye kuikaza upya.

SWALI: Nikinywa toti mbili nikiwa na kofia, kichwa kinauma. Ni kofia au ni wiski? — Kichwa Kizito

Tazama wakati. Maumivu ya kubanwa huanza ungali umeivaa, yanazunguka kichwa kwenye mstari wa ukanda, yanaacha alama nyekundu kwenye paji, na hupungua ndani ya saa moja ukivua. Ya kileo mara nyingi huja baadaye, hata asubuhi, pamoja na kiu.

Pima kichwa kwa futi ya utepe, sentimita moja juu ya masikio na katikati ya paji la uso, ulinganishe na namba ya kofia. Kidole kimoja kipite kati ya ukanda na ngozi bila kulazimisha. Ikipungua sentimita moja au chini ya hapo, fundi anaweza kuitanua kwa mvuke na kalibu ya mbao, ikilala humo usiku mmoja. Zaidi ya hapo ukanda utachanika kwenye mshono wa nyuma.

Kwa upande wa wiski, toti ya mililita 45 ya asilimia 40 ina gramu 14 hivi za kileo, na ini huhitaji zaidi ya saa moja kuimaliza moja tu. Kahawa haiharakishi. Kileo huzuia homoni inayobakiza maji mwilini, ndiyo maana unakojoa sana. Kula kwanza, kunywa glasi ya maji kwa kila toti, na usiendeshe gari. Dawa za maumivu usizichanganye ovyo: parasetamoli pamoja na pombe nyingi huumiza ini, aspirini huchubua tumbo.

SWALI: Nina chupa ya miaka 12 niliyoinunua miaka kumi iliyopita. Sasa ni ya miaka 22? — Mtunza Chupa

Bado ni ya miaka 12. Wiski hukomaa ndani ya pipa tu, na namba ya lebo ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizochanganywa humo. Isimamishe wima, mbali na jua: ikilazwa, kileo kikali hula kizibo. Ikifunguliwa na kubaki chini ya nusu, hewa huipunguzia harufu ndani ya miezi, basi ihamishie kwenye chupa ndogo safi inayojaa hadi shingoni.

SWALI: Kofia yangu ya Panama imepasuka mbele, pale ninapoishika kuivua. Naikunja ili iingie mkobani. Ndiyo sababu? — Msafiri

Ni vyote viwili. Kofia hizi hufumwa Ekuador kwa nyuzi za mmea wa tokiya, na nyuzi kavu hukatika zikikunjwa mahali palepale. Usiikunje, na ivue kwa ukingo. Penye hewa kavu, ipitishie kitambaa chenye unyevu kidogo mara moja moja ili nyuzi zisikakamae. Ukiiweka mezani, ikalie kilele chake, ukingo ukitazama juu, mbali na glasi. Ufa mdogo unazuilika kwa kubandika kipande cha kitambaa chembamba upande wa ndani kwa gundi isiyong'aa ikikauka. Ukipita sentimita mbili, mpelekee fundi kabla haujafika kwenye utepe.